Taipureta zenye historia chungu: mwongozo kamili wa kuzinunua, kuziandikisha, kuzisafisha na kuzionyesha

Picha ninazotumiwa na wasomaji wa Mbeya, Iringa na Njombe zinafanana. Mashine nyeusi imeng'arishwa kama kiatu cha askari wa gwaride, na chini yake swali: "Naomba kujua hii ilikuwa ya nani." Mara nyingi jibu lilikuwa kwenye mashine yenyewe. Lilikuwa kwenye kibati cha shaba kilichong'olewa, kwenye namba ya rangi nyeupe iliyokwanguliwa, au kwenye karatasi za ndani ya sanduku zilizochomwa pamoja na takataka. Vyote vimekwenda siku ya usafi.

Tatizo ni mpangilio wa kazi. Watu wanasafisha kwanza, wanauliza baadaye. Tatizo la pili ni kununua hadithi ya muuzaji badala ya kununua mashine. Mwongozo huu unashughulikia yote mawili.

Unahusu taipureta zilizopita kwenye mikono ya watu waliokuwa na madaraka makubwa juu ya wengine: boma la Mjerumani, ofisi ya DC wa Kiingereza, ofisi ya kuandikisha manamba, shamba la mlowezi, jeshi la Hitler, ofisi ya wilaya wakati wa Operesheni Vijiji. Zilipiga chapa orodha za kodi ya kichwa, mikataba ya kazi, hukumu na amri za kuhama. Kuzitunza ni kazi ya maana sana kwetu, na ndiyo sababu nataka ifanywe vizuri.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kununua chochote

- Kauntabuku moja na penseli. Kalamu ya wino huvuja na kufutika, penseli hudumu.
- Simu yenye kamera nzuri, na tochi.
- Bahasha za kaki za ukubwa mbalimbali, kwa ajili ya karatasi na vipande vitakavyodondoka.
- Burashi mpya ya rangi ya inchi moja, na miswaki laini miwili.
- Waiti spiriti ya duka la rangi, nusu lita inatosha.
- Mafuta ya cherehani, na bomba la sindano la duka la dawa la kuyadondoshea.
- Fulana kuukuu za pamba, zilizofuliwa na kukauka kabisa.
- Bisibisi bapa za saizi tatu. Bisibisi isiyoenea vizuri huharibu kichwa cha skrubu, na skrubu hizi hutazipata dukani.
- Uzi wa kuvulia samaki, kwa sababu nitakazoeleza kwenye Hatua ya 8.
- Utepe mpya wa wino, wa upana wa nusu inchi, yaani milimita 13.
- Glovu za mpira.

Usinunue tina, petroli, Brasso, msasa, rangi ya kupuliza wala WD-40. Tina na petroli huyeyusha rangi na maandishi ya dhahabu. WD-40 huifanya mashine ilainike kwa muda, halafu huacha utando unaonasa vumbi hadi mikono ya herufi, yaani vyuma vinavyoinuka kupiga karatasi, igande kuliko mwanzo.

## Hatua ya 1: Amua utamjibu nini mgeni wako

Siku moja mtoto wa jirani atauliza, "Hii mashine ilikuwa inafanya kazi gani?" Kama jibu utakalompa ni "ya Mjerumani, ya zamani, ina thamani," bado hujawa tayari kununua. Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa kauntabuku unakusanya nini na kwa nini. Mfano: "Mashine za ofisi zilizotumika Nyanda za Juu Kusini hadi mwaka 1976." Mpaka wa namna hiyo utakuokoa usinunue kila chuma kinacholetwa mlangoni.

## Hatua ya 2: Tafuta pale ambapo bado kuna mtu wa kuuliza

Hazina kubwa ni wahazili wastaafu. Mhazili aliyefanya kazi ofisi moja hadi kustaafu anajua mashine ilitoka wapi, nani aliikalia kabla yake, na barua zipi zilipigwa milango ikiwa imefungwa. Ukifika kwake, amkia kwanza: "Shikamoo mama," kisha kaa, eleza umetokea kwa nani. Iringa na Njombe, "Kamwene" itakufungulia mlango kabla hujataja biashara. Bei isubiri. Anayeanza na bei hupewa mashine peke yake. Anayeanza na mazungumzo hupewa na historia yake.

Misheni zinafuata. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, Wabenediktini wakaanza Peramiho mwaka 1898, na kazi yao ilikuwa ya barua nyingi. Ongea na paroko au mchungaji mwenyewe. Usinunue kwa mlinzi wa stoo, hata akikuhakikishia kwamba "wameshaitupa".

Mwanjelwa, soko la Mlandege na kwa wanunuzi wa chuma chakavu wa Makambako mashine zinapatikana, ila nyingi hufika zikiwa hazina mwenyewe wa kuulizwa. Jenga uhusiano na mnunuzi mmoja wa chuma chakavu. Mwombe akupigie simu kabla ya kuipandisha mashine kwenye mizani, na umuulize ameletewa na nani na kutoka kijiji gani. Swali hilo lina majibu siku ile ile tu, kesho hakumbuki.

Onyo la mali ya serikali. Mashine yenye namba ya rangi na jina la ofisi ya umma inaweza kuuzwa kihalali, kwa mnada wa mali chakavu. Dai stakabadhi au nakala ya hati ya mnada. Kama haipo, iache, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Onyo la rupia. Wote tunajua jinsi watu wanavyochimba kwenye magofu ya Wajerumani wakitafuta rupia. Homa hiyo imehamia kwenye mashine: muuzaji anaamini chochote cha "Mjerumani" kina mamilioni ndani yake, au kina zebaki ya siri. Hakuna zebaki kwenye taipureta, ya rangi yoyote. Ni chuma, mpira, springi na rangi. Mwambie hivyo kwa upole, na kama bei haishuki, muage kwa heshima uondoke.

*Umefaulu kama* una mashine unayoweza kumtaja mtu aliyeiuza, mahali ilipotoka, na ofisi au nyumba iliyokuwamo kabla yake, hata kama ni kwa kukisia.

## Hatua ya 3: Pima hadithi kwa mwaka wa mashine

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Muuzaji akisema "ilikuwa bomani wakati wa Mkwawa," weka tarehe mezani. Mkwawa alijiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Vita vya Majimaji vilikuwa 1905 hadi 1907. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Agosti 1914, meli zilianza kuzuiwa baharini, na ni chache sana zilizopenya baada ya hapo. Waingereza waliingia Iringa Agosti 1916, na von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Kwa hiyo mashine ya utawala wa Kijerumani nyanda hizi karibu hakika ilitengenezwa kabla ya katikati ya 1914.

Sasa tazama jina. Adler, Ideal, Mignon na Continental zilikuwepo kabla ya vita hivyo, kwa hiyo inawezekana, japo hazikukoma kutengenezwa hapo. Jina la Olympia lilianza kutumika kwenye taipureta karibu na mwaka 1930. Olympia haiwezi kuwa ilikaa kwenye boma la Mjerumani. Olympia iliyoandikwa Wilhelmshaven au "Western Germany" ni ya baada ya Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ilipokwisha kugawanywa. Optima ya Erfurt ni ya Ujerumani Mashariki. Imperial Good Companion, ya kiwanda cha Leicester, Uingereza, ilianza 1932. Olivetti Lettera 22 ilianza 1950.

Halafu tafuta namba ya mashine. Sogeza kigari, yaani sehemu ya juu inayobeba karatasi, hadi mwisho wa kulia, kisha kushoto, umulike fremu iliyo chini yake. Angalia pia upande wa nyuma na chini kabisa. Ni tarakimu zilizogongwa kwenye chuma. Iandike yote, pamoja na herufi zake, kisha ilinganishe na orodha za Typewriter Database, ambako wakusanyaji wa dunia nzima huweka namba na miaka.

Vitufe navyo vinasema. Z ikiwa kati ya T na U, na kuna Ä, Ö, Ü, ni kibodi ya Kijerumani. Zikiongezeka é na è, shuku Uswisi, hasa kama jina ni Hermes. Alama ya £ na sehemu kama ½ na ¼ ni ya soko la Kiingereza. Lakini kibodi hukuambia lugha ya aliyeinunua, haikuambii cheo chake. Mmisionari, mwenye duka na mkuu wa boma wote waliandika kwa Z ile ile.

Kundi linalosahaulika zaidi ni mashine za Kijerumani za miaka ya 1925 hadi 1939. Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, na wengi walichukua mashamba huku kwetu, Mufindi na Mbozi zikiwamo. Miongoni mwa walowezi hao chama cha Nazi kilikuwa na matawi. Vita vilipoanza Septemba 1939 Waingereza waliwakamata wanaume wa Kijerumani, na mali zao zikawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Kwa hiyo Erika au Continental ya mwaka 1935 iliyotoka shamba la Mufindi inaweza kuwa na historia nzito kuliko hiyo "ya Mkwawa" ya kubuni, na karibu hakuna anayeiuliza.

### Kitufe cha SS

Baadhi ya mashine zilizotengenezwa Ujerumani wakati wa Hitler zina kitufe chenye alama mbili za radi, nembo ya SS, kikosi cha chama cha Nazi, mara nyingi kwenye mstari wa tarakimu. Zinatafutwa kwa bei kubwa duniani, na kwa hiyo zinaghushiwa.

Ukiletewa moja, usiangalie kitufe peke yake. Weka karatasi, piga herufi hiyo. Kama kitufe kinaonyesha SS na karatasi inaonyesha alama nyingine, kitufe kimebadilishwa. Kama inachapa kweli, mulika ncha ya mkono wa herufi: kipande cha herufi kimelehemiwa. Linganisha na majirani zake. Lehemu ya kiwandani inafanana mkono kwa mkono kwa rangi na umbo. Lehemu ya fundi wa juzi hung'aa au hufurika pembeni.

Onyo. Ukitaka kumuuzia mtu wa Ujerumani, fahamu kwamba kifungu cha 86a cha Sheria ya Jinai ya nchi hiyo kinakataza kuonyesha hadharani alama za namna hii, isipokuwa kwa malengo kama elimu na historia. Kuweka picha ya kitufe kile sokoni ili kuvutia wateja kunaweza kumtia mnunuzi matatani. Mimi binafsi siuzi wala sisaidii kuuza mashine za namna hiyo kwa mtu asiyetaka kusema ataiweka wapi. Wapo wanaozinunua kwa sababu wanaipenda alama yenyewe.

Usitosheke na kitufe pia unapofikiria ubaya wa mashine. Ndani ya kiwanda cha Adler, Frankfurt, kulikuwa na kambi ya mateso iliyoitwa Katzbach, kuanzia Agosti 1944 hadi Machi 1945, na wafungwa wapatao 1,600 walilazimishwa kufanya kazi humo. Adler nyingi hazina alama yoyote ya kutisha.

*Umefaulu kama* unaweza kuandika sentensi tatu: mashine ilitengenezwa kati ya mwaka fulani na fulani, haiwezi kuwa ilikuwa mahali fulani, huenda ilikuwa mahali fulani.

## Hatua ya 4: Ikague mbele ya muuzaji

Fanya kwa utaratibu huu, taratibu, bila kulazimisha chochote.

1. Ishike kigari kwa mkono, bonyeza kiachilio chake, kisogeze. Usikiachie kiruke chenyewe. Springi ya ndani ikifyatuka inaweza kukata kamba ya kigari hapo hapo, na ugomvi wa nani kaivunja unaanza.
2. Bonyeza kila kitufe. Mkono unaoinuka pole pole una uchafu, na hilo linatibika. Mkono usioinuka kabisa, au uliopinda, ni sababu ya kushusha bei.
3. Gusa roli la mpira. Likiwa gumu kama jiwe bado litaandika; likiwa na nyufa litakula karatasi.
4. Kagua kutu. Kutu ya juu juu ni ya kawaida kwa mashine zilizokaa Tukuyu. Kutu iliyovimba na kubanduka kwenye sehemu zinazojongea maana yake umenunua pambo.
5. Fungua sanduku lote, hadi chini ya kitambaa cha ndani. Kama kuna karatasi, zihesabu mbele ya muuzaji na useme wazi kwamba unazichukua pamoja na mashine.

Mwandikishane. Karatasi moja yenye tarehe, bei, namba ya mashine na sahihi mbili inatosha. Siku mwenye mali akitokea, au polisi wakiuliza, karatasi hiyo ndiyo mdomo wako.

## Hatua ya 5: Isafirishe ikiwa imelala sawa

Mashine ya ofisi ina uzito wa kilo 15 hivi. Ishike kwa fremu, chini, pande mbili, kamwe usiishike kwa kigari. Kiweke kigari katikati na ukifunge kwa kamba ya pamba. Kwenye basi usiiweke buti. Kati ya Makambako na Mbeya itapigwa na mizigo mingine hadi mikono ipinde. Ilipie kiti kama ni lazima.

## Hatua ya 6: Iandikishe kabla ya kuifuta hata vumbi

Hii ndiyo hatua mnayoiruka. Toeni siku nzima.

Piga picha pande zote sita, kisha kila alama peke yake, mwanga ukitoka ubavuni ili michubuko ionekane. Tafuta kibati cha duka lililoiuza, namba za rangi, majina yaliyochongwa kwa msumari, lakiri, stika. Mshale mpana unaoelekea juu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Maneno "Tanganyika Government" hayahitaji maelezo. Namba iliyopakwa juu ya namba nyingine inakuambia mashine ilihama ofisi, pengine mwaka wa Uhuru. Usikwangue ya juu ili uione ya chini. Ukimulika kwa ubavu mara nyingi zote zinasomeka.

Kisha vitufe. Tazama vilivyolika. Kwenye taipureta ya ofisi ya hesabu tarakimu ndizo huwa zimefutika kuliko herufi. Mashine iliyoandika orodha za watu na makato yao inaonekana kwa macho.

Kisha utepe wa zamani. Uutoe na makopo yake, yaani vigurudumu unavyozungushiwa, uutie kwenye bahasha ya kaki, uandike tarehe. Utepe wa kitambaa hupigwa mara nyingi na maandishi yake huchanganyika, lakini utepe wa kaboni wa kutumika mara moja husomeka herufi kwa herufi. Unaweza kukuta hukumu, cheti cha hospitali, barua ya kufukuzwa kazi. Ukisoma, umesoma siri ya mtu. Usiirushe mtandaoni, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kabla ya sheria kuna utu.

Kisha karatasi. Nyaraka za ofisi ya umma si mali yako hata kama zilikuwa ndani ya sanduku ulilolipia. Zinahusika na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Zipige picha, ziweke kavu, na uwasiliane na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mkataba mmoja wa manamba, wenye jina la kijana wa Njombe na alama ya dole gumba, una thamani kwa ukoo wake kuliko mashine yako yote. Ofisi ya kuajiri ya wenye mashamba ya mkonge, SILABU, ilifanya kazi tangu 1944 hadi 1965, na wazee waliopita mikononi mwake bado wamo kwenye kumbukumbu za familia zetu.

Mwisho, rudi kwa muuzaji au mhazili na umrekodi, kwa ruhusa yake. Uliza maswali mafupi: Uliikuta wapi? Nani aliitumia? Ilipiga nini? Kuna kitu ulichokiandika kwa hii mashine usichokisahau? Swali la mwisho liulize halafu nyamaza. Wapo waliopiga chapa amri za kuhamia vijijini kati ya 1973 na 1976, huku kijiji chao wenyewe kikiwa kwenye orodha.

Ukurasa wa kauntabuku uonekane hivi (huu ni mfano tu):

> Na. 4. Continental, kibodi ya Kijerumani. Namba ya mashine: imenakiliwa kutoka fremu, kulia. Mwaka: miaka ya 1930, kwa orodha ya namba.
> Imetoka: kwa mjane, Mafinga. Mume alikuwa karani wa shamba, aliipata mwenye shamba alipoondoka.
> Alama: kibati cha duka kipo. Namba nyeupe "17" nyuma, imefutwa nusu. Tarakimu 1 hadi 6 zimelika sana.
> Ndani ya sanduku: kaboni 3, orodha ya majina kurasa 2 (bahasha 4B).
> Ninachokijua: ilikuwa ofisi ya shamba. Ninachokisikia tu: kwamba mwenye shamba alikamatwa 1939.

Mstari wa mwisho ni wa lazima. Kujua na kusikia vikae mbalimbali.

*Umefaulu kama* mashine ikiibwa leo, kauntabuku lako peke yake linaweza kusimulia ilikuwa nini.

## Hatua ya 7: Isafishe, ila usiifanye mpya

Sasa ndiyo safisha. Fanyia kazi nje au dirisha likiwa wazi, glovu mkononi, mbali na jiko la mkaa. Waiti spiriti inashika moto.

Anza kwa ukavu: burashi, kutoka juu kwenda chini, vumbi lote. Usiipeleke gereji ipulizwe kwa kompresa. Upepo ule una maji, na utayasukuma kwenye maungio usiyoweza kuyafikia.

Chovya mswaki kwenye waiti spiriti kidogo, usugue pale mikono ya herufi inapokaa kwenye mifereji yake. Pandisha na kushusha kila mkono hadi urudi wenyewe kwa haraka. Hapo pasitiwe mafuta kabisa: mafuta huvuta vumbi, na baada ya mwezi mikono itanasa tena. Mafuta ya cherehani ni kwa reli ya kigari tu, tone moja kila upande, ufute linalobaki.

Rangi ya nje ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji na sabuni laini, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Maandishi ya dhahabu usiyaguse. Spiriti ya hospitali isikaribie rangi. Yapo mapambo yanayoyeyuka nayo papo hapo.

Kibati, namba ya rangi, jina lililochongwa, kitufe kilicholika, na hata kile kitufe cha SS: viache vilivyo. Wapo wanaong'oa alama mbaya kwa nia njema. Nawaelewa, ila nawaomba msifanye. Mashine isiyo na alama hiyo inabaki taipureta nzuri ya Kijerumani, na aliyeitengeneza na aliyeitumia wanaliepuka swali.

*Umefaulu kama* vitufe vyote vinarudi, kigari kinateleza, na picha za kabla na baada zinaonyesha alama zile zile mahali pale pale.

## Hatua ya 8: Ifanye iandike

Kigari kisipovutwa kwenda kushoto, mara nyingi kamba yake imekatika. Uzi wa kuvulia samaki unafaa kabisa. Funga upande wa ngoma ya springi, ile inayovuta kigari, kwanza, zungusha ngoma mizunguko michache ukiishika imara, halafu unganisha na kigari. Ukiiachia ngoma, springi inafunguka yote. Kama hujawahi, mtafute fundi mzee wa cherehani au taipureta akusimamie.

Utepe mpya usiutie na makopo yake mapya. Uzungushe kwenye makopo ya zamani, kwa sababu ya Kijerumani mengi hayalingani na ya sasa. Piga herufi zote, kubwa na ndogo, kwenye karatasi moja, uitie kwenye kauntabuku. Kila mashine ina kasoro zake: herufi iliyoshuka, iliyovunjika mguu. Kwa karatasi hiyo unaweza siku moja kuitambua barua ya kale iliyopigwa na mashine yako.

## Hatua ya 9: Iwekee maelezo, kisha uionyeshe

Mashine isiyo na maelezo ni pambo, na pambo la aina hii linaumiza watu. Songea, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wa Kingoni. Vitukuu vyao ndio majirani na wageni wetu. Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954 tu. Haya hayako mbali.

Andika kadi fupi, kwa Kiswahili, ikitaja mashine, mahali, kazi iliyofanya na waliofanyiwa. Kwa ile ya kwenye mfano ningeandika hivi:

> Taipureta ya Continental, Ujerumani, miaka ya 1930. Ilikuwa ofisi ya shamba la mlowezi, Mufindi. Imelika zaidi kwenye tarakimu. Orodha iliyokutwa ndani ya sanduku lake ina majina ya wafanyakazi wa shamba hilo. Ukimtambua mtu wa kwenu, tafadhali tuambie.

Usimweke mgeni akae apige picha akijifanya mlowezi mwenye shamba au afisa. Usiikodishe kwa picha za harusi. Mashine yenye kitufe cha SS iwe ndani ya kabati la kioo na kadi yake mbele, isiwe kwenye meza ya mapokezi. Kama huna nafasi ya kuionyesha kwa namna hiyo, ongea na Makumbusho ya Boma pale Iringa au Makumbusho ya Majimaji Songea, uwaulize kama wataipokea pamoja na kumbukumbu zako zote.

Mwambie mtu mmoja wa familia kauntabuku linakaa wapi.

## Hatua ya 10: Ihifadhi dhidi ya mvua zetu

Usiiweke sakafuni, saruji hupandisha unyevu, na sanduku la mbao litaliwa na mchwa. Iwe kwenye rafu, futi moja kutoka ukutani, imefunikwa kwa kitambaa cha pamba. Nailoni hufungia jasho ndani na kutu huanza usiku mmoja. Vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vikusanye, uvitie ndani ya sanduku, uvibadilishe vikichoka.

Novemba hadi Aprili ifunue kila baada ya wiki mbili; kwa aliye Tukuyu au Rungwe, kila wiki. Bonyeza vitufe vyote, sogeza kigari mara chache, mulika chini ya roli. Ukiona ukungu mweupe kwenye mbao au ngozi ya sanduku, litoe kivulini penye upepo, ulifute kwa kitambaa kikavu, na bahasha zako za karatasi uzikague siku hiyo hiyo, kwa sababu ukungu ukishafika kwenye sanduku, karatasi ndizo zinazofuata.